Jembe la Siku ya Tatu

Hakimu ameuliza kwa Kireno:
tarehe ile, mlikuwa wapi?
Nami, mkalimani, nimeligeuza swali kwa Kiguarani,
na bibi yangu, Plasida Isnarde,
ameupakata mfuko wake wa nailoni
akanyamaza, feni ya darini ikizunguka
kama inayotafuta pa kutua.

Mwanasheria wa shamba ana ramani ya rangi:
kijani ni soya, manjano ni mahindi,
kahawia ni malisho ya ng'ombe.
Sisi hatuna rangi.
Sisi tumo kwenye mstari, ule mwembamba
kati ya seng'enge na lami,
upana hatua tisa, nimezipima mwenyewe,
mahema ya plastiki nyeusi, meko matatu,
misalaba minne ya waliogongwa na malori ya soya,
wa mwisho Ademiru, miaka sita,
aliyekuwa akivuka kuchota maji
upande ambao maji bado hayanuki dawa.

Bibi akasema:
Mgeni alikuja.
Tukamwambia njoo, huenda tukapona.
Siku ya kwanza tulimpa mihogo.
Siku ya pili, kitanda cha kamba na moto wa kulalia.
Siku ya tatu tukampa jembe.
Alilipokea kwa mikono miwili, ana adabu,
na adhuhuri akarudi na matrekta mawili,
mnyororo katikati yake, mnene kama paja,
msitu ukalala chini
kama nywele zilizochanwa.
Jembe letu hajarudisha.

Nikatafsiri.
Karani akaandika: Shahidi anadai jembe.

Tarehe ile, bibi akaendelea,
nilikuwa ndani ya lori la ng'ombe.
Nimesimama. Mama wa huyu binti mgongoni,
ana homa, ananiuliza kuku atalala na nani.
Walitushusha mahali pasipo jina.
Nikarudi kwa miguu.
Wakanishusha tena. Nikarudi.
Mara ya nne walichoma nyumba.
Mara ya tano hapakuwa na nyumba ya kuchoma,
wakachoma migomba.
Basi andikeni: nilikuwa njiani, narudi.

Mama yangu amelala nyuma ya ghala lao la mbolea.
Kumpelekea maua naomba ufunguo
kwa kijana wa getini, aliyezaliwa juzi,
naye ananiuliza: bibi, umeandikishwa?

Hapo pana neno lilinishinda.
Tekoha, alisema, na Kireno kikanikabidhi
ardhi, eneo, kiwanja, mali,
yote nikayarudisha, hayakunitosha mdomoni.
Nikasema: mahali ambapo sisi ni sisi.
Mwanasheria akasimama kupinga.
Hilo, Mheshimiwa, si neno. Ni sentensi.

Kweli, ni sentensi.
Na waya wenu umepita katikati yake,
"mahali ambapo" huku,
"sisi ni sisi" kule kwenye soya,
nasi tumekaa miaka yote hii
kwenye nafasi ndogo kati ya maneno.
Hayo sikuyasema. Mkalimani hana kinywa chake.

Kesi imeahirishwa hadi Februari.

Tumeshuka basi gizani. Malori yanapita,
kila moja linatupiga kofi la upepo,
plastiki za mahema zinapumua.
Bibi hakuingia kulala.
Akauliza: leo hadi Februari, miezi mingapi?
Mitano, nikasema.
Akafungua mfuko ule wa mahakamani,
ambao hakuna aliyemuuliza una nini.
Punje za mahindi meupe, mbegu ya mama yake,
zimefungwa kwenye kipande cha kanga ya mtoto,
hapana, nakosea tena, kitambaa tu,
kitambaa cha kumbebea mama yangu.

Haya yanataka minne, akasema.
Akakanyaga waya wa chini,
akauinua wa juu kwa mkono wake mkavu
mpaka pakawa na mlango,
akaniambia: pita, wewe ndiye mwenyeji.